Kuhamia Eldoret

Siku mbili sikuwalisha samaki.
"Mwenye njaa," kasema Shee wa Ganjoni,
"hachafui maji ya safari."
Akawatia mifukoni, mmoja mmoja,
hewa ikafungwa kwa mipira ya nywele ya Nuru.

Tangi la kioo, tupu, tulilijaza mito.
Maji ya zamani sikuyamwaga:
madumu matatu chini ya kiti,
yananuka Tudor, mwani na kutu.

"Ukifika, usiwamimine.
Mfuko uelee kwanza, saa nzima,
baridi ya huko iwaingie kidogo kidogo."

Mama alisimama mlangoni, akihesabu mifuko.
Kumi na mmoja.
Mimi hakunihesabu.
Aliniuliza tu kama nimekula.
Nikajibu: tangu juzi, maji.