Majina Saba

Wametupanga karibu na mapipa ya taka,
kati ya wacheza dansi wenye spika kama makabati
na chama cha wafanyabiashara chipukizi
wanaogawa kahawa, kalamu, na ahadi ya kazi Vienna.
Sisi tuna kofia ngumu mbili, kamba iliyofubaa,
na picha ya Tadej akichomoza pangoni,
tope mpaka kwenye kope.
"Hiki," akauliza Neža, "ndicho chambo chetu?"

Ljubljana, Oktoba. Mvua bado haijaamua.

Kanuni ni kanuni: majina saba,
la sivyo ufunguo wa stoo urudi kwa bawabu
Ijumaa kabla ya saa sita.
Tuko wanne, na mmoja wetu ni Blaž,
ambaye kila mwaka anakaribia kuhitimu.

Mwaka jana walitia saini arobaini na mmoja.
Karatasi ile ninayo. Miandiko ya kupendeza,
na mmoja kila nukta ya i kaichora kopa.
Mkutano wa kwanza walikuja watatu.
Wa tatu alikosea chumba, alitafuta darasa la Kihispania,
akakaa kwa adabu mpaka mwisho,
akala biskuti, akashukuru.

Sasa wanapita, masikio yamezibwa.
Nimejifunza kuita bila kuita.
Ukiwatazama watu kwa macho ya mdai
utabaki kuhesabu visogo.

Wanaosimama huuliza yaleyale.
Ni hatari? Kidogo.
Ni ghali? Buti zako tu.
Itafaa kwenye wasifu wangu wa kazi?
Neža anainamia kamba, anafungua fundo
ambalo halipo.

Niwaambie nini? Kwamba kule chini,
tukizima taa zote kwa hiari yetu,
unalisikia tone kabla halijadondoka?
Kwamba Tadej, mkorofi wa juu ya ardhi,
chini hunyamaza, akakumegea mkate wake mkavu?
Hayo hayaenei kwenye kipeperushi.

Saa tisa mvua ikaamua.
Spika zikakimbizwa ndani. Kahawa ikawa maji.
Turubai letu la kambi, kuukuu, linavuja pembeni,
likasimama peke yake uwanja mzima.

Akajibanza chini yake kijana mrefu,
Tibor, wa Prekmurje, mashariki kule kwenye tambarare.
"Kwetu," alisema, "korongo ni ndege tu,
anataga juu ya nguzo ya umeme.
Shimo refu nililowahi kuingia ni la viazi."
Hakuuliza hatari wala bei.
Aliokota kofia, akaivaa,
kwa sababu ya lile tone la pembeni.

Nami nikanyamaza.
Mwaka wangu wa kwanza nilijikinga hapahapa.
Mvua ilikatika, nikasahau kuondoka.

Nikamsogezea kalamu. Wino ukagoma mara mbili,
mara ya tatu ukakubali.

Watano.

Blaž kashavaa koti.
Anakwenda kumtafuta yule wa Kihispania.