Digrii Mia Mbili Kumi na Mbili

Malvern, Februari. Vilima vimejifunika ukungu hadi kidevuni.
Ndani ya chumba chetu hakuna majira.
Ukutani, darini, sakafuni: piramidi za sifongo la buluu,
ncha zote zikitutazama.
Sauti inanitoka kinywani na hairudi.

Mama aliniuliza kwa simu, "Hasa hasa unafanya nini huko?"
Nikamwambia navipigia vyuma hodi kwa mawimbi,
kisha nasikiliza.
"Na vinasema karibu?"
Inategemea, mama, umesimama upande gani.

Tufe halina upande.
Lizungushe usiku kucha, jibu ni lilelile,
ndiyo maana kila asubuhi tunaanza nalo,
kama muuza duka na jiwe lake la kilo
kabla hajaiamini mizani.

Bamba ni jambo jingine.
Mraba wa alumini, sentimita kumi na tano kila ubavu,
daftari la shule lingeufunika.
Utazame uso kwa uso, kwa wimbi la sentimita tatu,
unajibu kana kwamba una mita saba za mraba:
chumba kizima ninachopanga kwa Bi Tolley,
kitanda na meza vikiwemo.
Ugeuze digrii sita kasoro kidogo,
kimya. Umekusahau.
Nimewahi kuwajua watu wa namna hiyo.

Gwilym Prosser ndiye anayetabiri.
Hagusi kompyuta mpaka saa nne.
Kwa kalamu nyekundu anachora: hapa mlima, hapa bonde,
hapa vilima vidogo vinavyopungua, vinavyopungua,
kama mtu anayeshuka ngazi na usingizi.
Mstari wa buluu ni wangu, wa kupima.
Tunalipwa ili rangi mbili zikae pamoja bila ugomvi.

Shuleni Voi, mizani ilikuwa silabi nane kwa nane,
mwalimu akigonga dawati kwa rula.
Hapa mizani ni desibeli,
lakini kosa linaumiza sikio lilelile.

Jumanne mstari wangu ulipanda
pale wa Gwilym ulipolala.
Digrii mia mbili kumi na mbili:
kichuguu kimoja, chenye kiburi.
Tulipima tena. Kikarudi.
Tukalifuta bamba kwa spiriti, tukakaza skrubu, tukabadilisha kebo.
Kikarudi.
"Nadharia imekosea," nikasema, nusu kwa furaha.
"Nadharia haiachi vitu ovyo," akajibu Gwilym
bila kuinua macho.

Basi tukaliondoa bamba, tukapima utupu.
Debe tupu haliachi kuvuma,
na chumba kitupu nacho, kumbe, kilikuwa na neno:
digrii zilezile, kichuguu kilekile.

Nilivua viatu. Nikatambaa juu ya sifongo,
nikapapasa chini ya kifuniko cha meza inayozunguka.
Kijiko cha chai.
Cha Bi Threlfall, chenye mpini uliopinda,
alichokitafuta tangu kabla ya Krismasi,
akamshuku kila mtu, hata mimi,
hasa mimi.

Hakuomba radhi. Hakucheka pia.
Alikipangusa kwa upindo wa sketi,
akakisimamisha juu ya nguzo ya povu, peke yake,
akaufunga mlango mzito, akasema, "Zungusha."

Gwilym akashika kalamu nyekundu.
Akaitazama karatasi. Akaitazama tena.
Tufe lina kanuni yake kwenye kabati la kijani,
bamba lina yake, silinda ina yake,
hata koni, inayojibu kwa shingo upande, ina yake.
Akaifunika kalamu.

Mstari wa buluu ukaondoka bila mwenzake,
ukapanda, ukasita, ukashuka mahali
ambapo hakuna aliyekuwa amepafikiria,
nasi watatu tumeinamia kioo
kama majirani dirishani,
vikombe vitatu vya chai vikipoa,
havijakorogwa.