Maelekezo kwa Zawena

Zawena, ukija Jomvu usishuke pale pa zamani.
Pa zamani hapapo.
Pana shimo limezungushiwa mabati ya buluu,
na ndani yake bata watatu wa Mama Dama
waogelea tangu mvua za mwezi wa tano.

Nilikuwa nikikwambia hivi, wakumbuka?
Ukiona kinu cha kusaga, pinda kushoto,
pita mwarobaini, pita kwa fundi wa friji,
mlango wa kijani ndio wetu.
Hata mtoto angefika.
Sasa kinu kimehamia Mazeras,
mwarobaini umelazwa, umeuzwa kuni,
fundi ametiwa alama nyekundu ukutani.
Kila asubuhi huipaka chokaa,
kila jioni ikachomoza tena kama upele.

Kushoto nako, nikwambie ukweli,
sijui tena kuko wapi.

Wamesimamisha nguzo. Tisa, nimezihesabu,
na hazijabeba kitu.
Nondo zimechipuka utosini
kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku.
Ya nane iko peke yake ng'ambo,
mgeni aliyekosea harusi.
Tsuma asema ni daraja, magari yatapita juu.
Mwatela asema la, ni la treni.
Nikamuuliza kijana wa kofia ya manjano.
Akakunjua karatasi kubwa kama shuka la kitanda,
akaigeuza, akaigeuza tena,
akaniuliza: "Hapa ndipo Miritini?"

Miaka arubaini na mbili nimekaa hapa.
Juma lililopita natoka bandarini saa nne usiku,
nafuata mishale. Wa kwanza kulia, wa pili kulia,
wa tatu sijui ni mtu kaugeuza au ni upepo,
nikajikuta mbele ya ukuta wa mchanga.
Taa ya jikoni kwangu naiona,
na kivuli cha mke wangu kashika mwiko.
Hatua mia, Zawena, na njia hakuna.
Nikapiga simu. "Niko nje."
"Nje wapi?" Akafungua mlango, akaangaza kizani.
Nikapunga mkono.
Aliye gizani humpungia nani?

Usidhani naichukia hino barabara.
Siku ile ya mama malori yalifungana
toka Changamwe hadi Bonje,
sisi ndani ya teksi, kichwa chake pajani mwangu,
akiyahesabu: jekundu, jeupe, la mafuta.
Alifika la sabini na mbili.
Kwa hivyo vumbi nalimeza.
Saa nane za usiku tingatinga likinguruma,
vikombe vikicheza kabatini,
mimi hulala macho nikasema: harakisheni basi.

Lakini mbona kijia chetu hakimo karatasini?
Kile cha kuendea mskitini, kilichopigwa na nyayo tu,
kisicho jina wala mwenyewe.
Nilikitafuta kwa kidole kwenye lile shuka.
Pana mstari wa buluu, pana wa njano,
na petu pameandikwa 14+300, basi.

Wasio na karatasi wameshatoboa mabati.
Bi Nyevu hupita hapo alfajiri:
kwanza beseni la mahamri, halafu yeye,
halafu ule mguu mbaya.
Jumatatu mkandarasi huziba.
Jumatano pamezibuka,
na udongo pale umeanza kung'aa.

Basi fanya hivi. Shuka popote gari litakapokuonea huruma.
Usitafute kinu. Usifuate mshale.
Hesabu nguzo kutoka upande wa mjini, simama kwenye ya sita,
ile watoto wameandika KADZO MWIZI WA KALAMU,
umsubiri atakayepita na mzigo kichwani.
Anapoinama, nawe inama.
Ukitokea upande wa pili utaona mlango wa kahawia.
Usugue kwa kidole.
Kijani kiko pale pale.

Na uje na viatu vya kufunga.