Soksi za Februari

Saa kumi na moja alfajiri,
kabla miguu haijakumbuka uzito wake,
nalala chali, nyayo ukutani,
nasubiri damu irudi nyumbani.
Kisha poda ya mtoto. Kisha vita:
soksi ya kubana, rangi ya chai ya maziwa,
naikunja hadi kisigino, navuta,
nahema, navuta tena.
Shomvi ananishikia tochi ya simu
na ushauri ambao hakuombwa.

Buguruni, joto hili,
nani anavaa soksi hadi magotini?
Wateja wa mashine ya kusaga wananicheka:
"Mwahija, safari ya Makete lini?"
Nawapimia unga, nanyamaza.
Miaka kumi na tisa nimesimama hapa,
sakafu ikitetemeka chini yangu,
hadi nyuma ya goti pakaota mishipa
yenye mafundo, kama kamba ya ndoo kisimani.

Daktari alisema: haziponyi, zinasaidia.
Nikalipenda neno hilo,
dogo, lisilo na majigambo.
Na kweli, siku hizi saa tisa inapita
bila mimi kutafuta gunia la kukalia.

Usiku navua.
Ngozi imebaki na chapa ya nyuzi,
kama niliyelalia mkeka wa ukili.
Nawashwa. Najikuna hadi Shomvi anakohoa.
Nazifua kwa mkono, nazianika ndani,
maana jua hulegeza mpira.
Zinaning'inia dirishani,
miguu miwili mitupu
iliyotangulia kupumzika.