Na ya Kutolea

Bi Kokugonza wa Ustawi, Temeke,
ana kikokotoo kilichofutika namba saba.
Huibonyeza kwa mazoea,
kama mtu anayewasha taa ya chumbani kwake gizani.

"Baba Hilali, karatasi ya mshahara."
Kibwana akaitoa mfuko wa shati, imekunjwa mara nne.
Ghafi: laki sita na arobaini.
Hifadhi ya jamii, sitini na nne elfu.
Kodi, thelathini na moja elfu na mia mbili.
Mkopo wa sakosi, laki na ishirini.
Kinachobaki: laki nne, ishirini na nne elfu na mia nane.
Akaegemea kiti kama aliyemaliza mtihani.

Mimi nilikuwa kimya.
Miaka sita nimefua ovaroli za bwana yule,
za bluu, za bandari kavu ya Kurasini,
na mifuko ya ovaroli haina adabu ya kukunja karatasi.
Humo nilikuta risiti ya tairi,
nikakuta ufunguo wa pikipiki
ambayo haijawahi kulala uani kwetu.

"Muulize sakosi ilinunua nini."

Bi Kokugonza akavua miwani.
Feni ikazunguka, ikakwama, ikazunguka.
"Pikipiki," akasema Kibwana, sauti imesinyaa.
"Ipo kwa kijana, Rangi Tatu."
"Analeta hesabu?"
"Analeta."
"Ngapi?"
"Elfu kumi. Lakini Jumapili anapumzika."

Hapo nikajua neno hesabu lina matumbo mawili:
mkopo unalia safu hii,
pikipiki inacheka safu ile.

"Sheria," akasema Bi Kokugonza, "haikunipa kisu,
nusu huku, robo kule.
Imeniambia nitazame mnachopata,
kisha nitazame anachohitaji mtoto."

Nikafungua daftari, lile la miraba.
Unga. Mafuta. Tuisheni. Kipuliza cha pumu.
Viatu, mara mbili kwa mwaka,
maana mguu wa Hilali haungoji mwisho wa mwezi.
Jumla, laki mbili na kumi.

"Na wewe mama, unaingiza ngapi?"
Kalamu ile ile, imenigeukia mimi.
Sikuwa nimejiandika.
Nilidhani daftari ni la kumpimia yeye.
Nikasema: nashona sare, Mtoni kwa Aziz Ali,
mwezi wa kawaida laki na themanini,
shule zikikaribia kufunguliwa, kidogo zaidi.
Akaandika na hicho kidogo zaidi.

Kikokotoo kikalia tiki, tiki.
Yeye laki moja na sitini na tano.
Mimi arobaini na tano.
"Zote hizo kwa mtoto mmoja?" Kibwana akauliza.
"Kwa wazazi wawili," akajibiwa,
akasukumiwa kalamu.

Usiku ule kifua cha Hilali kinapiga filimbi,
nami nimekaa, mgongo ukutani, namhesabia pumzi,
haukuwa na safu.
Sikuutaja.

Tarehe ishirini na nane simu ikatetema.
Laki moja na sitini na tano, kamili,
kama ilivyoandikwa, bila senti ya ziada.
Kwa wakala, dirishani, ikatoka pungufu.
Elfu tatu na ushee zimeliwa njiani.
Nikamwandikia: Imefika. Na ya kutolea?
Siku mbili kimya. Kisha:
Hiyo haikuwemo kwenye makubaliano.

Kweli, haikuwemo.
Nilikata kitambaa cha sare ishirini siku hiyo
na mkasi ulikuwa mkali kuliko kawaida.

Mwezi uliofuata ikaja
laki moja na sitini na tisa.
Hakuna salamu, hakuna neno la mtoto,
tarakimu tu zimekaa kwenye kioo.
Nikazisoma mara tatu, nikiwa nimesimama.
Nikafungua daftari la miraba, nikachonga penseli,
na hadi sasa ninavyokwambia
sijajua hizo elfu nne niziandike safu gani.