Mvua ya Mawe, Manyovu

Likizo ile ya Desemba tulikuwa watatu:
mimi, Bukuru, na Ntahondi aliyetoka Ujiji
na kaptura moja tu, ya joto la ziwani.
Mvua ya mawe ilipokoma
kilima cha nyuma ya kanisa kilibaki cheupe,
cheupe kama sakafu ya mashine ya unga.

"Mlima umeota mvi," akasema Bukuru.
Akapasua dumu la mafuta kwa panga,
nusu yake, nusu ya mgeni.
Mimi nikachukua ungo wa mama yake.

Tukateleza!
Barafu ikitafuna makalio,
meno yakigongana kama kokoto mfukoni,
upepo wa Burundi ukitupiga makofi
bila kuuliza pasipoti.
Ntahondi alipiga yowe mpaka migombani,
akainuka, midomo rangi ya zambarau:
"Tena!"

Safari ya nne ilikuwa matope matupu.
Ndipo tukaliona shamba la maharage,
limelala chali, majani matobo matobo,
na mama Bukuru amesimama katikati.

Hakutugombeza.
Aliokota punje moja ya barafu,
akaitia mdomoni, akaimumunya mpaka ikaisha.
Kisha akauliza
ungo wake uko wapi.