Hodi Isiyo na Jina

Saa tisa usiku, Liepaja. Theluji imeziba dirisha
na kisanduku chekundu kimechomoza pembeni mwa skrini:
JARIBIO LIMEZUIWA. MLANGO WA 23.
Nikavaa soksi, nikaenda kukagua komeo,
la mlango wa kweli, wa mbao, uliobabuka rangi.
Limefungwa. Nikarudi.
Kikachomoza tena.

Gatis, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyeniwekea.
"Ukuta wa moto, shangazi," alisema,
akala mikate mitatu ya bekoni, akaenda zake Riga.
Moto sikuuona. Ukuta sikuuona.
Niliona orodha tu, inarefuka kama deni la dukani.

Nikafungua daftari. Siku ya kwanza, arobaini na mmoja.
Ya pili, mia moja na sita.
Niliandika saa, anwani, nambari ya mlango,
kwa mwandiko ule ule wa kazini,
maana mimi na nyaya hatukujuana jana:
miaka thelathini na miwili mbele ya swichibodi,
kiti cha nne kutoka dirishani,
nikiunga sauti za watu kwa vidole hivi hivi.

Ila kabla ya swichibodi palikuwa na Machi.
Nina miaka minane.
Hawakusema hodi. Kitako cha bunduki hakisemi hodi.
Walikuja na karatasi, na karatasi ilikuwa na jina la baba.
Tangu siku ile, kwangu mimi,
kila abishaye usiku ana karatasi.

Siku ya nne nikampigia Gatis. "Wananitafuta," nikamwambia.
Alianza kucheka, akaacha.
"Shangazi, yule mlevi uliyenisimulia,
aliyepiga simu mji mzima kwa kufuata nambari,
mia mbili na moja, mia mbili na mbili,
mpaka apate nyumba ya kumjibu?"
Namkumbuka. Velta alimwita Bwana Mfuatano.
"Basi ndio hao. Ila hawa hawanywi, wala si watu.
Ni mashine zinapapasa vitasa vya dunia gizani,
mtaa kwa mtaa. Jina lako hazilijui.
Hazijui hata kama wewe ni bibi au friji."

Friji!
Nilikaa kimya, simu sikioni.
Nusu yangu ilishusha pumzi.
Nusu nyingine, sijui niseme vipi, ilinuna.

Akanifundisha kusoma. Limezuiwa ni limezuiwa;
hayo makelele ni mlinzi anajisifia zamu yake.
"Uogope siku atakayokuuliza, nimruhusu?
nawe, kwa usingizi, ubonyeze ndiyo."

"Lakini kuna mmoja," nikasema, "haondoki.
Kila dakika kumi, anwani ile ile.
Nimemzungushia wino mwekundu mara tatu."
Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea,
nikamsomea tarakimu moja moja, taratibu,
kama nilivyosomea watu telegramu za msiba.
Kimya. Kisha:
"Shangazi, hiyo ni printa yako.
Iko chini ya meza. Inauliza kama kuna mtu."

Niliinama. Kweli, taa yake ya kijani ilikuwa inapepesa,
na vumbi la tangu Krismasi.

Kengele nimeizima. Ukuta nimeuacha.
Daftari pia nimeliacha, ukurasa wa kumi na moja,
ingawa asubuhi, kahawa mkononi, huwa nachungulia hesabu:
usiku wa jana wamepita mia mbili na kumi na wawili,
wamegusa kitasa, wameendelea na safari.
Hakuna aliyekuwa na karatasi.

Karatasi ninazo mimi.
Nimeipa printa bunda zima,
nyeupe, mbele na nyuma,
bila jina la mtu.